Sura ya Tano: Glasi ya Kificho

Barabara ya kutoka Musanze kwenda Ziwa Kivu hupanda na kushuka katikati ya viazi na chai, na kabla haijateremka Gisenyi hupita Mahoko. Mahoko ni kituo cha biashara katika sekta ya Kanama, wilaya ya Rubavu. Hapa ndipo wakulima wa milima ya jirani huleta viazi, karoti na kabichi, na shehena nyingi huendelea mpaka mpakani, zikaliwe Goma, upande wa Kongo. Mto Sebeya unapita papa hapa, ule uliofurika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ukasomba nyumba na watu. Ni mji wa watu wanaoamka mapema, wanaobeba mizigo mizito na kulipwa kwa siku. Jioni ikifika wana fedha kidogo mfukoni na mabega yanawauma. Wengi wao hunywa.

Wanachokunywa ni cha namna tatu, na kila namna ina hali yake mbele ya sheria. Ya kwanza ni bia ya kiwandani. Kiwanda cha Bralirwa kiko Nyamyumba, kando ya ziwa, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na kimekuwa kikitengeneza Primus tangu mwaka 1959. Bia hiyo inalipiwa kodi, ina lebo, na imetajwa kiwango chake cha kileo. Ya pili ni pombe ya jadi: urwagwa wa ndizi na ikigage cha mtama. Hizi hazikukatazwa. Zinanywewa harusini, kwenye mahari na baada ya kazi ya shamba, ila anayeziuza anatakiwa afuate kanuni za usafi na awe na kibali. Ya tatu ni kanyanga, pombe kali inayotoneshwa kwa moto. Kwa sheria ya Rwanda kanyanga haihesabiwi pombe hata kidogo. Imewekwa katika orodha ya dawa za kulevya.

Swali la sura hii ni kama kuipiga marufuku hiyo ya tatu kumewasaidia wabeba viazi wa Mahoko au kumewaumiza. Nimeichagua Mahoko kwa sababu mambo yote ya mjadala huu yako ndani ya umbali unaotembeka: kiwanda kikubwa chenye leseni, mama mwenye mtungi wa urwagwa, njia za panya zitokazo Kongo, na polisi wanaomwaga madumu ya pombe shimoni mbele ya wananchi. Jibu langu nalitoa mapema. Katazo la kanyanga, kwa jinsi lilivyo sasa, linaumiza zaidi ya linavyoponya. Lakini ruhusa tupu haingeponya pia, na sehemu kubwa ya sura hii ni kueleza kwa nini.

Tuanze na adhabu. Sheria ya makosa ya jinai Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, katika ibara ya 263, inazigawa dawa za kulevya katika madaraja matatu, na amri ya Waziri wa Afya ya Machi 2019 ikaorodhesha nini kiko daraja gani. Kanyanga iliwekwa daraja la chini kabisa. Hata hivyo, anayeitengeneza, kuibeba au kuiuza anakabiliwa na kifungo cha miaka 7 hadi 10 na faini ya faranga milioni 5 hadi 10. Kwa mtu anayelipwa kwa kushusha magunia, milioni 5 ni fedha ambazo hatazishika maishani mwake. Bangi, ambayo Wanyarwanda huiita urumogi, iko daraja la juu kabisa, na muuzaji wake anaweza kufungwa maisha.

Adhabu nzito namna hii hubadilisha tabia ya biashara, na mabadiliko hayo ndiyo watunga sheria husahau kuyahesabu. Chukua dumu la lita 20. Ukilijaza bia yenye kileo cha asilimia 5, ndani yake mna lita moja tu ya kileo. Ukilijaza kanyanga ya asilimia 40, mna lita 8. Maana yake mtu mmoja anayepita porini usiku na dumu moja la kanyanga mgongoni amebeba kile ambacho kingehitaji madumu manane ya bia. Kama hatari ya kukamatwa ni ileile, hakuna mpiga magendo mwenye akili atakayebeba chepesi. Katazo linampangia mzigo, na mzigo huo siku zote ni ule mkali zaidi, mdogo zaidi na rahisi zaidi kufichwa.

Jambo hilo lilitokea Marekani kati ya Januari 1920 na Desemba 1933, walipopiga marufuku pombe zote nchi nzima. Walevi wa bia walijikuta wanakunywa pombe kali kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa inasafirishika kwa siri. Serikali yenyewe iliagiza spiriti ya viwandani itiwe sumu, methanoli ikiwemo, ili watu wasiinywe. Waliinywa, na wengi walikufa.

Huku kwetu sikuhitaji vitabu vya Marekani kulielewa jambo hili. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza urwagwa karibu na soko la Mahoko kwa nini vijana siku hizi wanaikimbilia kanyanga wakati yeye yupo na mtungi wake.

“Mwanangu,” akanijibu, “urwagwa unataka siku, unataka ndizi, unataka watu wa kukamua. Mtaa mzima unajua kwangu kuna pombe. Ile nyingine mtu analeta usiku kwenye kidumu, asubuhi imeshakwisha.”

“Na wewe, mama, hujawahi kuletewa uuze?”

“Wanakuja. Faida yake ni kubwa kuliko ya ndizi. Ila mimi nina watoto, nikifungwa nani atawalea?”

Maelezo yake ni sahihi kabisa. Kutengeneza urwagwa ni kazi ya hadharani. Ndizi mbichi hufukiwa shimoni siku kadhaa mpaka ziive kwa joto. Humenywa, kisha hukandwa pamoja na majani ndani ya mtumbwi wa mbao mpaka maji yajitenge. Juisi huchujwa, hutiwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa, na huachwa siku mbili tatu ichachuke. Harufu yake inafika barabarani. Haikai zaidi ya siku chache, kwa hiyo muuzaji hawezi kuilimbikiza. Mnywaji akinywa chupa mbili anashiba kabla hajaanguka. Ni pombe yenye breki ndani yake.

Kanyanga haina breki hizo. Mpishi anahitaji pipa, moto, mrija na maji ya baridi ya kuupoza mrija huo, ndiyo maana mitambo mingi hukutwa kando ya vijito. Ndani ya pipa huweza kuwekwa chochote kilichochacha: ndizi, mahindi, muhogo, molasi. Mvuke hupanda, hupita kwenye mrija, hupoa na kudondoka tone tone. Mpishi mzoefu, anayekaa kwake kwa utulivu, huyamwaga matone ya kwanza kwa sababu anajua yana ukali mbaya. Mpishi anayesikiliza kama mbwa wa jirani wanabweka hana muda huo. Anakinga kila kitu, anazima moto, anaondoka.

Hapa kuna jambo la kitaalamu ambalo halisemwi vya kutosha. Watu hudhani pombe ya kienyeji inaua kwa sababu imepikwa vibaya. Kupika vibaya kunadhuru, lakini vifo vya makumi kwa mkupuo mara nyingi havitokani na pipa la kijijini. Vinatokana na methanoli ya viwandani, kemikali ya kutengenezea rangi na viyeyusho, ambayo mfanyabiashara ameinunua kwa bei poa na kuichanganya ili apate lita nyingi. Haina tofauti ya ladha anayoweza kuigundua mlevi. Mwilini hugeuka asidi inayoshambulia mishipa ya macho kwanza, kisha huzima kila kitu. Mtu hulala amelewa, huamka hauoni mchana, na kesho yake amefariki. Tiba ipo, na mojawapo ni pombe ya kawaida inayotolewa hospitalini kwa kipimo, lakini mgonjwa lazima afike mapema na aseme alichokunywa. Aliyekunywa kitu cha kufungwa nacho jela hasemi, na wenzake hawasemi.

Kenya imelipa gharama hii kuliko nchi yoyote ya jirani, nami nitakaa hapo kwa muda kwa sababu ndiko ambako marufuku na ruhusa zote zimejaribiwa, moja baada ya nyingine, kwa watu walewale.

Chang'aa, pombe kali ya kienyeji ya huko, ilipigwa marufuku kwa sheria maalumu mwaka 1980. Haikuondoka. Ilihamia kwenye vitongoji vya mabanda ambako polisi walikuwa wanapita kuchukua chao kila wiki. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi moja iliuzwa shilingi kumi, iliua zaidi ya watu 130 na wengine wakapofuka. Ilikuwa imetiwa methanoli. Miaka ishirini ya katazo ilikuwa imewafikisha maskini wa Nairobi mahali ambapo hawakujua kabisa wananunua nini, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kisha likaja jaribio ambalo halikuanzishwa na wapinga marufuku. Mwaka 2004 serikali ya Kenya iliisamehe ushuru bia moja ya kampuni ya East African Breweries, Senator, iliyouzwa kwa bomba kutoka kwenye mapipa badala ya chupa. Lengo lilikuwa wazi: kumpa mnywaji wa chang'aa kitu salama kwa bei inayokaribia ile aliyoizoea. Mapipa yalipelekwa mpaka kwenye vibanda vya vijijini na mitaa ya mabanda. Wanywaji wakaibatiza Obama, kwa kuwa mwaka huohuo Barack Obama alichaguliwa kuwa seneta kule Illinois. Wakulima wa mtama wakapata soko. Watu waliokuwa wakinywa gizani wakaanza kunywa kwenye baa zenye mlango wazi.

Mwaka 2013 serikali ilihitaji fedha, ikapunguza msamaha huo kwa nusu. Bei ya kikombe ikapanda, na mauzo ya Senator yakaanguka hadi chini ya nusu ya yalivyokuwa. Ikiwa wanywaji wale walikuwa wameacha pombe, hiyo ingekuwa habari njema. Lakini Mei 2014, katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na Murang'a, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 80 ndani ya siku chache. Sisemi kodi peke yake ndiyo iliyowaua. Aliyechanganya sumu ndiye muuaji. Nasema kwamba watu wale walikuwa wamesukumwa nje ya duka lenye taa, wakarudi kwa muuzaji asiye na jina. Mwaka 2015 serikali ikaurudisha msamaha kwa asilimia 90, na hapo ikawa imekiri bila kutamka.

Kati ya msamaha wa 2004 na kupunguzwa kwake 2013, yaani mwaka 2010, Bunge la Kenya lilikuwa limefuta katazo la chang'aa lenyewe. Sheria mpya ya kudhibiti vileo, ambayo Wakenya waliizoea kwa jina la mbunge John Mututho, iliruhusu chang'aa itengenezwe ikiwa na leseni, ifungwe kwenye chupa za kioo na ibandikwe lebo ya onyo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Lakini fikiria mama wa Mathare au Kibra aliyekuwa akipika kwa pipa moja. Apate wapi mtambo wa kujaza chupa, ada ya leseni, gharama ya kupima maabara? Sheria ilihalalisha kinywaji bila kumhalalisha mpishi. Wengi wakaendelea kupika kama zamani na kutoa hongo kama zamani. Februari 2024 pombe ya sumu ikaua tena watu 17 huko Kirinyaga.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuruhusu na kudhibiti kumeshindwa Kenya kama katazo lilivyoshindwa, namjibu kuwa atazame vizuri ni sehemu gani iliyofanya kazi. Iliyofanya kazi ni Senator, na ilifanya kazi kwa sababu tatu zilizokwenda pamoja: ilikuwa salama, ilikuwa karibu, na ilikuwa rahisi mfukoni. Ilipopoteza sifa ya tatu tu, zile mbili hazikuokoa kitu. Sheria ya 2010 ilitoa usalama kwenye karatasi na ikasahau ukaribu na bei.

Rwanda nayo imepata onyo lake. Desemba 2022 watu wasiopungua 11 walifariki Kigali na Bugesera baada ya kunywa kinywaji kilichoitwa Umuneza, na uchunguzi ukataja methanoli. Hicho hakikuwa kidumu cha usiku. Kilikuwa kinywaji chenye jina lake la biashara. Wanaotetea udhibiti, nikiwemo mimi, tunapaswa kulikabili tukio hilo uso kwa uso. Jina na chupa havitoshi kama hakuna mkaguzi anayefika kiwandani na kuchukua sampuli bila kutoa taarifa. Mamlaka ya Chakula na Dawa, Rwanda FDA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na kazi iliyo mbele yake ni kubwa kuliko idadi ya watu wake. Kila saa ambayo polisi wa Rubavu anatumia kufukuza dumu la kanyanga mlimani ni saa ambayo dola haikuitumia kupima kile kinachouzwa mchana.

Wapo watakaouliza: basi hakuna katazo linalofaa? Lipo, nami nimeona moja likifaa. Tanzania ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakiti vya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019. Viroba vilikuwa vinauzwa kama pipi. Mwanafunzi aliviweka kwenye soksi, bodaboda alikimaliza kimoja kati ya abiria na abiria. Baada ya katazo vilipotea madukani kwa kasi ambayo gongo, pombe kali ya kienyeji ya Tanzania, haikuwahi kupotea hata siku moja, ingawa gongo imekatazwa Tanzania tangu miaka ya 1960. Tofauti ni nini? Kiroba hutoka kiwandani, kinahitaji mashine ya kufungia na shehena ya plastiki, na viwanda vyenye mashine hizo vinahesabika. Serikali ilikuwa na milango michache ya kufunga. Gongo hupikwa na yeyote mwenye pipa na kuni. Isitoshe, aliyenyimwa kiroba hakunyimwa pombe. Alibaki na chupa dukani, kubwa kidogo, ghali kidogo, isiyoingia kwenye soksi. Katazo la viroba kwa kweli lilikuwa udhibiti wa namna pombe inavyouzwa.

Ukikitumia kipimo hicho Mahoko unaona tatizo mara moja. Milango ya kanyanga haihesabiki. Nyingine hupikwa hapahapa milimani. Nyingine huingia Rwanda kutoka Uganda, ambako pombe hiyohiyo hupikwa na kunywewa vijijini bila kificho, na huletwa na wabebaji wa Burera na Gicumbi wanaoitwa abarembetsi. Upande wa Rubavu wapiga magendo huitwa abacoracora, na wao mpaka wao ni ule wa Kongo, ambako sehemu kubwa ya urumogi unaokamatwa Rwanda hupitia. Mpaka wa kaskazini na Uganda ulipofungwa kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, mizigo haikukoma. Ilihamia kwenye njia za panya na usiku wa manane, na wapo wabebaji waliopigwa risasi humo. Kijana anayebeba si mwenye mali. Mwenye mali yuko nyumbani kwake, na kijana akifungwa anatafutwa mwingine kabla ya wiki kwisha, kwani soko la Mahoko halina uhaba wa vijana wenye migongo imara wasio na kazi ya kudumu.

Urumogi unanipa mfano wa kushangaza zaidi, na upo kwenye barabara hiihii. Oktoba 2020 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliruhusu bangi ilimwe kwa ajili ya dawa na kuuzwa nje, na Juni 2021 kanuni zake zikatolewa. Eneo la hekta 134 likatengwa Musanze. Kanuni zinataka uzio, kamera, taa, minara ya walinzi na hesabu ya kila kilo. Kwa hiyo mmea ambao muuzaji wake Rubavu anaweza kufungwa maisha, umeruhusiwa kulimwa kwa leseni wilaya ya pili kutoka hapa. Wengine wameliita jambo hili unafiki. Sikubaliani nao. Mimi naliona kama ushahidi kwamba serikali ya Rwanda inaelewa vizuri sana hoja ya sura hii: madhara ya kitu hutegemea mno nani anakitengeneza, nani anamkagua na kinakwenda kwa nani. Imelielewa kwa upande wa wawekezaji wenye mtaji. Naomba ilielewe pia kwa upande wa mama mwenye mtungi.

Kuhusu waathirika wenyewe, yaani waliokwishanaswa, Rwanda imechagua njia yake. Katikati ya Ziwa Kivu, upande wa Rutsiro, kuna kisiwa cha Iwawa, ambako tangu mwaka 2010 vijana wa kiume wenye ulevi na waliokuwa wakirandaranda mitaani hupelekwa kukaa miezi kadhaa wakifundishwa useremala, ushonaji, ujenzi na kilimo. Wapo waliotoka huko na ufundi mikononi na wanaishi vizuri, na haki yao hiyo siwanyimi. Lakini shirika la Human Rights Watch limeandika zaidi ya mara moja kuhusu vituo vya muda ambako watu hushikiliwa bila kufikishwa mahakamani kabla ya kupelekwa kwingine, na mlevi anayejua kwamba akijitokeza atakamatwa hatajitokeza. Linganisha na kilichofanywa Dar es Salaam. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, ya kwanza ya umma katika bara hili kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Heroini ilibaki haramu, na wauzaji waliendelea kusakwa. Ila mtumiaji alipewa mlango wa kuingilia: afike kila asubuhi, anywe kipimo chake mbele ya muuguzi, aende kazini. Vijana wa Kinondoni na Temeke waliokuwa wamekatiwa tamaa na mama zao walipanga foleni kwa hiari. Foleni ile inaniambia mengi kuliko hotuba yoyote ya vita dhidi ya dawa za kulevya.

Bado kuna pingamizi zito ambalo siwezi kulipita. Pombe halali nayo huharibu. Huvunja ndoa, huangusha pikipiki, huchoma maini, na ikiwa halali huwa na kampuni kubwa inayoitangaza na hazina ya serikali inayoitegemea. Utafiti wa Wizara ya Afya wa mwaka 2022 ulionyesha Wanyarwanda wanaokunywa wamefika asilimia 48 kutoka 41 mwaka 2013. Wakati huohuo wanaokunywa kupita kiasi walishuka kutoka karibu asilimia 24 hadi 15. Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja. Wanywaji wameongezeka na walevi wa kupindukia wamepungua, jambo linalowezekana pale ambapo unywaji unafanyika mahali panapoonekana. Tangu Septemba 2023 baa na kumbi zinatakiwa kufunga saa saba usiku siku za kazi na saa nane mwishoni mwa wiki. Sheria kama hiyo inamfika mwenye baa kwa sababu ana mlango na jina juu ya mlango. Haimfiki mwenye kidumu.

Mwaka 2025 Rwanda ilipandisha ushuru wa bia kutoka asilimia 60 hadi 65. Nia ya kuwapunguzia watu ulevi naiheshimu, na kwa mtu wa Kigali mwenye mshahara huenda ikasaidia. Kwa mbeba viazi wa Mahoko, kila faranga inayoongezwa kwenye Primus inapanua pengo kati ya chupa na glasi ya kificho, na mwaka 2013 Kenya ilituonyesha nani huingia kwenye pengo hilo. Dawa yake imo tayari katika sheria za Rwanda zenyewe. Sheria ya ushuru ya mwaka 2019 iliweka kiwango cha asilimia 30 tu kwa bia ambayo malighafi yake, ukiacha maji, si chini ya asilimia 70 imetoka nchini. Ndizi na mtama vinatoka nchini. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha mama wa urwagwa kwenye nafuu hiyo ambayo leo inawafikia wenye viwanda.

Ningependa wilaya ya Rubavu ijaribu jambo moja hapa Mahoko. Ijenge jengo moja la pamoja la kutengenezea pombe ya jadi, lenye maji safi, mapipa yanayosafishika, na mtu aliyefundishwa kupima kileo na kuchukua sampuli. Wauzaji wa urwagwa na ikigage wajiunge kwa ushirika, walipe ada ndogo kwa kila pipa, na wauze kwa kipimo kinachojulikana, kwa vikombe, bila kulazimishwa kununua mashine ya chupa. Kibali kiwe cha jengo, ili mama mmoja mmoja asibebeshwe gharama ya maabara. Kanyanga iendelee kuwa haramu ikiwa serikali inaona hivyo, lakini mbebaji wake asihukumiwe miaka saba kama mwenye mali. Gharama ya jengo hilo ilinganishwe na gharama ya kumlisha mfungwa mmoja kwa miaka hiyo saba, halafu ilinganishwe tena na wafungwa kumi. Baada ya mwaka mmoja wahesabu madumu yanayokamatwa, wagonjwa wanaopokelewa vituo vya afya vya Kanama, na bei ya glasi ya kanyanga ikilinganishwa na kikombe cha urwagwa. Hesabu hizo tatu zinaweza kufanywa na karani mmoja wa sekta, na kamati ya usalama ya wilaya inaweza kuzisoma katika kikao kimoja.